Piano Haikuunguza Biskuti



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya jambo lililonisumbua tangu likizo iliyopita. Nyumbani kwetu, na hata hapa bwenini, wako watu wasemao kwamba muziki wa piano wa kina Beethoven na Chopin humpotezea mwanafunzi akili. Ushahidi wao ni biskuti zangu. Nakiri kwamba biskuti ziliungua, lakini hukumu yao siikubali.

Habari yenyewe ni hii. Dada yangu alikuwa akingoja wageni wa kuleta barua ya posa siku ya Jumamosi, nami nikajitolea kuoka biskuti. (Wako wavulana wa Kidato cha Tatu watakaocheka hapa. Na wacheke; nikirudi na biskuti shuleni wao ndio wa kwanza kuomba.) Kazi hiyo sikuwa mgeni wake, wala sikuwa fundi. Mara ya kwanza nilitia magadi ya kuivishia maharage badala ya bekini pauda, biskuti zikawa za manjano na ladha ya sabuni. Mara ya pili siagi ilikuwa imeyeyuka, vidonge vikatambaa katika sinia vikaungana kama chapati moja. Siku hizo Mama alicheka tu.

Kwetu hatuna oveni. Twaoka katika sufuria kubwa iliyotiwa mchanga, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, na kila mkupuo huingia biskuti 12. Simu ya kaka ilikuwa dirishani ikipiga sonata ya Beethoven iitwayo ya Mbalamwezi. Nikapata shauri la kupima muda kwa sehemu yake ya kwanza: ikipigwa mara mbili, nafunua. Mtu atauliza, je, simu haina saa? Inayo, lakini mikono yangu ilijaa unga na siagi, na simu si yangu. Mkupuo wa kwanza na wa pili ilitoka vizuri, rangi ya asali.

Ndipo nikamwomba kaka aweke mpigaji mwingine wa sonata ile ile. Mkupuo wa tatu ukatoka mweusi. Nikalaumu makaa, nikayapunguza ya juu. Mkupuo wa nne ukatoka umeungua chini na mbichi juu. Biskuti 24 zilikwenda kwa kuku, nao walizidonoa kwa mashaka. Mama akalazimika kumtuma mdogo wangu dukani kununua za pakiti, hali wageni wamekwisha kuketi. Baba hakupaza sauti. Alisema tu, mbele ya wajomba zangu, kwamba mtihani wa Kidato cha Nne nao nitauunguza vivyo hivyo kwa ajili ya piano. Sikujibu, maana haifai kumjibu baba mbele ya wageni.

Usiku nikaichunguza ile simu. Mpigaji wa kwanza humaliza sehemu ile kwa dakika 5 na nusu, wa pili kwa dakika 7. Mara mbili, tofauti ni dakika 3, na biskuti nyembamba yenye sukari nyingi haingoji dakika 3. Lakini lililonishangaza zaidi ni kwamba nilikuwa nimewasikiliza watu wawili wakipiga noti zile zile, nisitambue kuwa mmoja anakwenda na mwingine anasitasita. Nikarudia tena na tena. Zile noti tatu tatu za mkono wa kulia, kwa yule wa kwanza, zilitiririka kama maji ya mfereji. Wa pili alingoja kidogo kila noti nzito ya mkono wa kushoto ilipokaribia, kama mtu asikilizaye hatua za mgeni nje.

Baadaye nilisoma kwamba Beethoven aliitunga mwaka 1801, naye aliandika kwamba sehemu hiyo ipigwe polepole. Polepole kiasi gani? Hakuweka hesabu, kwani hata metronomu, chombo cha kuhesabia mapigo, Maelzel aliisajili mwaka 1815. Jina la Mbalamwezi nalo si lake. Lilipatikana baada ya kufa kwake mwaka 1827. Basi kila mpigaji hana budi kuamua mwenyewe. Na kitabu cha mapishi cha Mama chasema "moto wa kiasi." Kiasi gani? Nacho hakisemi! Kwa hiyo naona sikukosa kwa kuwa nilisikiliza piano. Nilikosa kwa kuwa sikuisikiliza vya kutosha, wala sikuyatazama makaa.

Wengine husema muziki huu ni uzungu. Hao ningependa wamsikie Akin Euba, aliyezaliwa Lagos mwaka 1935 na kufariki mwaka 2020, aliyeitungia piano muziki wenye mapigo ya ngoma za Wayoruba.

Muhula uliopita niliomba kwamba Jumapili jioni, spika ya bwaloni inapopiga muziki, dakika 15 ziwe za piano. Nilikataliwa kwa kelele. Ati ni muziki wa kulalia. Naomba tena, na safari hii nina shauri. Upigwe wimbo mmoja mfupi wa Chopin, prelude ya 7 katika zile 24 alizozitoa mwaka 1839, ambayo haifiki hata dakika 1 na nusu. Upigwe na mtu mmoja, kisha na mwingine. Asiyesikia tofauti yoyote anyoshe mkono kunipinga, nami nitanyamaza hadi nimalize shule.

Nyumbani Baba ametundika saa jikoni. Amesema piano na ipigwe, mradi niwe naitazama saa hiyo. Nimelikubali sharti lake.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne