Redio ya Bei Nafuu Inatosha, Ushauri Ndio Ghali

Kijana akiuliza ni redio gani anunue aanze kutuma data hewani bila bando, anajibiwa na kambi mbili. Kambi ya kwanza ni wakongwe: "Nunua Kenwood ama Yaesu kubwa yenye modemu ndani, la sivyo ngoja upate kazi." Kambi ya pili ni sisi watu wa video za kufungua boksi: "Wasee, chukua wokitoki yoyote, hii iko na wati nane, kwisha!" Wa kwanza wanamfungia kijana mlango. Wa pili wanamfungulia, halafu wanamwacha sebuleni gizani. Mimi nasema kambi zote mbili zinatukosea, na nitawaonyesha kwa nini.

Kwanza tuelewane hii kitu ni nini. Mawasiliano ya pakiti ni kukata ujumbe vipande, kila kipande kikibeba jina la hewani la mtumaji, la mpokeaji, na namba ya ukaguzi. Namba ikikataa, kipande kinatupwa. Watu wa redio kule Montreal walikuwa wanafanya hivi tangu 1978, na itifaki wanayotumia wengi hadi leo inaitwa AX.25. Kwa kasi ya kawaida, biti 1200 kwa sekunde, modemu inageuza data kuwa milio miwili, mmoja wa hezi 1200 na mwingine wa hezi 2200. Basi. Redio yoyote ya FM inayopitisha sauti ya mtu vizuri itapitisha hiyo milio.

Sasa rudi kwa wakongwe. Zamani walikuwa na haki, kwa sababu modemu ilikuwa kiboksi cha kununua kando. Leo kuna Direwolf, programu ya bure ya John Langner, inayofanya kazi ya hicho kiboksi ndani ya laptopu ama Raspberry Pi. Kwa simu ya Android kuna APRSdroid. Kile kifaa cha bei kali kimegeuka kuwa programu ya kudaunilodi, lakini ushauri haujabadilika. Mtu anayekwambia lazima utumie pesa ya pikipiki ndio utume ujumbe wa herufi mia moja anakupimia maisha kwa rula ya enzi yake.

Lakini msishangilie bado, nyinyi wa kambi ya pili. Baofeng UV-5R huko nje inauzwa kama dola 20 hadi 30 kabla ya usafiri na ushuru, na ndiyo, pakiti inatuma. Quansheng UV-K5 pia. Shida ni vile mnaiuza kwa wati. Kutoka wati tano hadi nane ni ongezeko la desibeli mbili hivi, ambalo anayekusikiliza hatalitambua. VHF husafiri karibu kama macho yanavyoona, kwa hivyo urefu wa antena ndio mfalme. Ukisimama chini na redio mkononi, mita moja na nusu kutoka ardhini, upeo wako ni kilomita tano hivi. Panda paa la ploti ya ghorofa kumi, mita 30, upeo unakuwa kilomita 22. Redio ni ile ile, betri ni ile ile. Hizo wati tatu zingine zimekuongezea nini? Joto mkononi.

Kwa hivyo hesabu ya bei nafuu haianzi kwa redio. Ukiwa na bajeti ndogo, gawanya: nusu ya pesa iende kwa redio, nusu kwa antena, kebo na waya wa kuunganisha. Antena ya robo ya wimbi kwa 144.800 MHz, masafa ya APRS yanayotumika Ulaya na kwingi katika eneo letu la ITU, ni waya wa sentimita 49 hivi umesimama, na mingine minne imeinama chini yake. Waya wa shaba uko Luthuli, soketi iko Luthuli. Kazi ni kumwomba landilodi ruhusa ya paa, na hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko hesabu zote.

Halafu kuna mambo ambayo video zetu hazisemi, ndiyo maana mtu ananunua redio, anajaribu siku mbili, anaiweka kwa droo. Ukitegemea ile VOX, redio kujiwasha yenyewe ikisikia sauti, itachelewa kuwaka na kukata kichwa cha pakiti, kisha itachelewa kuzima na jibu litakupita. Tafuta waya unaobonyeza kitufe cha kurusha kutoka kwa kompyuta. Wokitoki nyingi za Kichina zinatumia ile plagi pacha ya Kenwood, pini ya milimita 3.5 na ya 2.5, na kuna muundo wa wazi unaoitwa AIOC unaoweka kadi ya sauti na kitufe ndani ya kipande kimoja cha USB. Zima kuokoa betri, kwa sababu redio inayosinzia inakosa mwanzo wa pakiti. Zima kusikiliza masafa mawili kwa zamu. Fungua kizuizi cha kelele, uache programu ichuje. Mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji redio mpya.

Na tuseme ukweli kuhusu udhaifu wake pia. Hizi redio ndogo zina mpokezi mmoja wa chipu, na ukiziunganisha na antena nzuri katikati ya mji uliojaa minara, zinaziba masikio. Maabara ya ARRL ya Marekani imepima redio za mkononi za bei ya chini na kukuta nyingi zikitoa mawimbi ya pembeni kupita kiwango. Kwa hivyo kwa kujifunza na kusikiliza, chukua ya mkononi. Kwa kituo cha kukaa juu ya paa na kufanya kazi mchana na usiku, nasema hivi bila aibu: tafuta redio kuukuu ya gari, kama Motorola GM300, zile zilizotumiwa na kampuni za ulinzi na teksi. Zilijengwa kuteswa. Ile soketi ya nyuma inaweza kukupa sauti ghafi kutoka kwa mpokezi, na hiyo ndiyo inayohitajika ukitaka kupanda hadi biti 9600, kasi ambayo soketi ya spika ya wokitoki haiwezi kukupa. Lakini kabla hujalipa, uliza iko kwa masafa gani, inapangwa na programu gani, na nani ana waya wa kuipanga. Muuzaji akishindwa kujibu, hiyo ni tofali.

Mtasema, buda, WhatsApp iko, ya nini haya yote? Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari na Afrika Mashariki nzima ikatambaa. Tarehe 25 Juni mwaka huo huo, siku ambayo wengi wenu mnaikumbuka bila kukumbushwa, intaneti ilianguka tena, na kampuni za simu zikataja nyaya za baharini. Sitabishana hapa kuhusu sababu. Ninachosema ni kwamba kizazi chetu kimeweka kila sauti yake kwa bomba ambalo funguo zake hakina.

Ila msinielewe vibaya, maana hapa ndipo wengine huanza ndoto. Redio ya ridhaa si mahali pa siri. Huruhusiwi kuficha ujumbe kwa msimbo, huruhusiwi kufanya biashara, na jina lako liko kwa kila pakiti. Wala si mahali pa mapicha: picha ya megabaiti tatu kwa biti 1200 itachukua zaidi ya saa tano. Lakini "niko salama, niko Pangani, mwambie mathe" inapita kwa sekunde moja ama mbili. Wakati wa mafuriko, hiyo sentensi ina uzito kuliko video yoyote ya HD.

Na leseni? Ndiyo, unaihitaji, kurusha bila leseni ni kosa. Inatolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, na majina yetu ya hewani huanza na 5Z. Chama cha Amateur Radio Society of Kenya kipo, waulize maswali. Wakongwe, hapa ndipo tunawahitaji sana: fundisheni watu mtihani, acheni kuwafundisha bei. Mtoto wa Umoja mwenye wokitoki, waya wa shaba na leseni ni mwanachama kamili kama yule wa Karen mwenye mnara.

Ukitaka kuanza leo kabla ya kununua kitu kikubwa, azima redio ya kusikiliza, weka 145.825 MHz, na ungoje Kituo cha Kimataifa cha Anga kipite. Kinazunguka kama kilomita 400 juu yetu, na mtambo wake wa pakiti ukiwa umewashwa, utasikia ile milio ikikwaruza, kisha simu yako iigeuze kuwa majina ya watu. Baada ya hapo, mtu akikwambia hii ni michezo ya matajiri, mwonyeshe skrini.