Mafunzo ya Kazi: Wanaosingiziwa ni Wafanya Kazi



Tumechoka kusikia wakubwa wakisema kwamba mzee hataki kufundishwa, kijana ana uroho wa vyeti, na mwanamke hana haja ya kazi ya ufundi. Sisi tunaoshinda nao karakanani twajua wasemavyo wenyewe.

Mzee hachukii mafunzo. Waliotutangulia walijua injini za mvuke, na zilipokuja za dizeli wakajifunza upya. Lakini mtu aliyebakiza miaka minne astaafu huuliza: nikirudi na cheti, gredi yangu itapanda? Akikosa jibu, hukaa zake. Tena huambiwa amfundishe kijana, kisha kijana yule huwekwa juu yake. Nani asingekasirika?

Kijana naye aona cheti ni mali, kwa kuwa kibarua cha miezi mitatu mitatu hakina kesho, na cheti ataondoka nacho. Msimlaumu. Aliyempa mkataba mfupi ndiye aliyemwonyesha mlango.

Sasa akina mama. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilipofunguliwa mwaka 2017, wasichana wa Kenya walikuwa wamekwisha kwenda China kujifunza kuendesha injini, wakarudi wakaziendesha. Basi habari ya kwamba mwanamke hawezi imekwisha. Wanalouliza ni jingine: kozi ya jioni, tena mbali, mtoto aachwe na nani? Na akihitimu ufundi, kwa nini arudishwe dirisha la tikiti? (Na sisi wanaume tusijifiche, wamo chamani wanaocheka mwanamke akishika spana.)

Wala wasituambie fedha hakuna. Sheria yamtaka mwajiri atoe ushuru wa mafunzo, shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanya kazi, kutoka mfukoni mwake wala si katika mshahara wetu. Akifundisha watu, sheria yamruhusu kudai arudishiwe gharama.

Kwa hiyo twadai kozi zifanywe saa za kazi, mshahara ukiendelea. Gredi ya kila cheti iandikwe katika mapatano kabla mtu hajaenda kusoma. Mzee anayefundisha alipwe kwa kufundisha. Mwanamke aliyehitimu apewe kazi aliyoihitimia. Wajumbe wetu wasitie sahihi karatasi yo yote isiyo na maneno hayo.