Saa ni orijino, lakini ni nani aliyeitengeneza?

Kwenye maduka ya Birere mjini Goma na ya Kadutu mjini Bukavu, mnunuzi wa saa ya mkono huanza na swali lile lile: "Hii ni orijino?" Muuzaji anaapa kwamba ni orijino. Anaonyesha boksi, karatasi ya garanti na jina la mbunifu wa mavazi lililoandikwa usoni pa saa. Kisha wanazungumza bei. Miezi michache ikipita, rangi ya dhahabu ikianza kubanduka au ukungu ukiingia ndani ya kioo, mnunuzi anarudi na hasira na neno moja tu mdomoni: feki.

Mara nyingi anasema kweli, maana bidhaa bandia zimejaa. Lakini si kila mara. Inawezekana kabisa saa ile ni halali, imetoka kiwandani kwa idhini ya mwenye jina, na bado ni saa hafifu. Uhalali ni jambo moja na uimara ni jambo lingine. Soko limeyafanya kuwa swali moja, na hapo ndipo pesa za watu zinapotelea. Kijana anayetoa dola 100 ili avae saa siku ya harusi au siku ya kupokea diploma, ametoa pesa ambayo nyumbani ingelipa ada ya shule ya wadogo zake.

Boksi halisemi kwamba wabunifu wengi wa mavazi hawana kiwanda cha saa hata kimoja. Wanachouza ni ruhusa ya kutumia jina. Kampuni ya saa inaingia mkataba, inachora na kuagiza saa, inazisambaza, na mwenye jina anapokea sehemu ya mauzo. Fossil Group ya Texas, Marekani, ndiyo iliyo nyuma ya saa za Michael Kors, Emporio Armani, Diesel na DKNY. Movado Group ya New Jersey inatengeneza za Tommy Hilfiger, Hugo Boss, Lacoste na Coach. Timex Group inashika Guess, na pia Versace. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kubishana siku nzima kama Boss inaishinda Tommy, kumbe saa zote mbili zimetoka kwa kampuni moja.

Tena, jina moja linaweza kupita mikononi mwa watengenezaji tofauti. Saa za Calvin Klein zilianza kutengenezwa na Swatch Group ya Uswisi mwaka 1997, na kwa miaka zaidi ya ishirini zilikuwa na maneno Swiss Made. Swatch Group ilipoachana na jina hilo, likaenda kwa Movado Group, ambayo ilianza kuuza saa zake mwaka 2022. Mtu aliyemsikia mjomba wake akisifu Calvin Klein yake ya zamani, akaenda kununua ya leo kwa sababu hiyo, ananunua kazi ya watu wengine kabisa. Jina halikubadilika hata herufi moja.

Hata kwa mtengenezaji mmoja, ngazi zinatofautiana. Guess ina saa zake za kawaida, na ina dada yake Gc, ambayo ni Swiss Made. Emporio Armani nayo imewahi kuuza saa za Swiss Made kando ya zile za kawaida, na tai ni yule yule. Maneno hayo mawili si mapambo: tangu tarehe 1 Januari 2017, sheria ya Uswisi inataka angalau asilimia 60 ya gharama ya kutengeneza saa iwe imetumika Uswisi, mashine ya ndani iwe ya Uswisi, na saa ifungwe na kukaguliwa huko huko. (Bila shaka mwenye kughushi jina la Armani hashindwi kughushi na hayo.)

Sasa, ndani ya saa mna nini? Nyingi za saa hizi ni za betri, zile zinazoandikwa Quartz. Fuwele ndogo hutikisika mara 32,768 kwa sekunde, na saketi huhesabu mitikisiko hiyo ili kusogeza mshale. Mashine za namna hii hutengenezwa kwa mamilioni na makampuni kama Miyota, ambayo ni ya Citizen, na Seiko, na zile za kawaida huuzwa kwa jumla kwa dola chache tu. Si mbovu. Saa ya betri ya bei ndogo hushika wakati kuliko saa ya springi ya maelfu ya dola. Ndiyo maana mtu anayepima ubora kwa kuangalia kama saa inachelewa hatapata jibu. Kwa wakati, karibu zote ziko sawa.

Tofauti iko kwenye mwili. Kuna kasha la chuma kisichoshika kutu, kile mafundi wanachokiita inox, na kuna kasha la shaba ya manjano au la mchanganyiko wa zinki lililopakwa rangi juu. Jasho la mkono hula ile rangi polepole, na ngozi chini yake huanza kuwa nyeusi au ya kijani. Kuna kioo cha kawaida kinachokwaruzwa na ukuta wa nyumba, na kuna kioo cha safiri ambacho ni vigumu sana kukikwaruza. Kuna ile joint, kipete cha mpira kinachozuia maji, ambacho ni kitu cha kwanza kubanwa matumizi yanapopunguzwa. Na maandishi ya "30 m" nyuma ya saa yanawadanganya wengi: maana yake ni kwamba saa itavumilia matone ya mvua na maji ya kunawa, si kwamba mtu aingie nayo Ziwa Kivu kuogelea.

Kwa nini kampuni ile ile itengeneze nzuri hapa na hafifu pale? Kwa sababu bei ndiyo inayoamuliwa kwanza. Ikisemwa kwamba saa hii iuzwe dola 120 dukani, inatolewa sehemu ya mwenye jina, faida ya duka, matangazo na boksi zuri lenye mto ndani. Kinachobaki ndicho kinachonunua chuma, kioo na mpira. Mbunifu mwenyewe anaihesabu saa pamoja na mkanda na miwani, kitu cha kubadilishwa mtindo ukibadilika. Mtu wa Bukavu anainunua akitarajia kuivaa miaka kumi.

Wapo wabunifu waliofanya tofauti, na hao wanaonyesha kwamba jambo hili ni la uamuzi. Hermès ilifungua kampuni yake ya saa Bienne, Uswisi, mwaka 1978, na mwaka 2006 ikanunua robo ya Vaucher, kiwanda kinachotengeneza mashine za saa. Chanel ilitoa saa yake ya kwanza mwaka 1987, na tangu 1993 ina kiwanda chake La Chaux-de-Fonds. Louis Vuitton ilinunua karakana ya La Fabrique du Temps mwaka 2011. Gucci ilianza kwa kukodisha jina mwaka 1972, kisha mwaka 1997 ikaichukua kampuni iliyokuwa ikizitengeneza saa hizo. Bei za nyumba hizi haziko Birere, na saa ya Chanel ya dola 40 haihitaji uchunguzi wowote.

Wenye majina wanastahili lawama hapa. Kukodisha jina ni halali, lakini kumficha mtengenezaji kwenye herufi ndogo za kijitabu ndani ya boksi si uungwana kwa mteja, hasa mteja wa Kongo ambaye garanti yake inampeleka kwenye anwani za mabara mengine. Jina la mtengenezaji lingeandikwa wazi mgongoni pa saa, kila mtu angejua analipia nini.

Lakini wanunuzi nao wana silaha ambayo hawaitumii. Nchi hii ndiyo ya Sape. Tangu Papa Wemba alipoieneza, sapeur wa kweli hafungui koti kuonyesha griffe tu; anashika kitambaa, anatazama mshono, anageuza kiatu aone soli. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo akifika kwenye saa anaishia usoni. Haigeuzi. Haulizi kasha ni inox au ni rangi. Haulizi hata kama zile saa ndogo tatu usoni zinafanya kazi au ni picha tu, wakati kubonyeza kitufe kimoja kungempa jibu. Na hakumbuki kwamba kwa dola 100 zile zile angeweza kupata Casio, Citizen au Seiko, makampuni yanayotengeneza saa pamoja na mashine zake, ingawa majina hayo hayapigi kelele harusini.

Anayetaka jina la mbunifu bado ana haki ya kulivaa. Uzuri nao ni sababu ya kununua. Basi kabla ya kulipa amwite fundi wa saa, yule mwenye meza ndogo na lenzi jichoni, ampe chochote, saa ifunguliwe mbele ya muuzaji. Fundi ataona mashine ni ya nani, joint ipo au haipo, na kama chini ya rangi kuna chuma. Muuzaji akikataa, bei ishuke au safari iendelee duka la pili. Fundi mwenyewe achaguliwe vizuri: kifuniko cha kubana kinatakiwa kurudishwa kwa kifaa chake, kikandamizwe sawasawa pande zote, maana kikisukumwa kwa kidole gumba upande mmoja joint hukunjika, na mvua ya kwanza ya Septemba inaingia ndani.