Makonyo ya Pemba na Sumu ya Mahindi

Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 kati yao wakafa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Miaka 12 kabla ya hapo, jirani zetu wa Kenya walizika watu 125 kwa sumu hiyo hiyo. Jambo hili hatuna haki ya kulisahau.

Kuvu iletayo sumu hii hulishambulia hindi lingali shambani, hasa penye ukame na wadudu, kisha huendelea ghalani ikiwa nafaka imewekwa mbichi. Wataalamu wamekwisha kuona maabarani kwamba mafuta ya karafuu huizuia isimee. Nguvu yake imo katika eujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta hayo, na ndiyo iletayo harufu tunayoijua katika pilau. Eujenoli huharibu utando mwembamba wa chembe ya kuvu, hata vilivyomo ndani vikavuja, na chembe ikafa. Mimea mingi hujitengenezea vitu vya namna hii kujikinga na maadui. Mkarafuu umejaliwa zaidi.

Na huko Pemba mafuta hayo hutolewa kwa mvuke hata katika makonyo, yaani vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Mali ghafi, basi, tunayo.

Lakini tuseme kweli. Kisahani cha maabara si ghala la mkulima. Mafuta haya huruka upesi hewani. Yakiwa makali huunguza majani. Na harufu yake huganda katika unga. Tena hayaiondoi sumu iliyokwisha kuingia. Wako wachuuzi watakaosikia habari hizi leo, na kesho wakauza vichupa mnadani. Hao wasipewe nafasi.

Tunachotaka ni majaribio ya kweli: watafiti wayapeleke mafuta ya makonyo katika maghala ya Kondoa na Kiteto, wapime gunia moja lahitaji kiasi gani, kwa muda gani, na kwa bei ipi, kisha wamwambie mkulima kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Wakati tunangoja majibu hayo, mahindi yaanikwe juu ya turubai, si juu ya ardhi tupu, na yaliyooza yatengwe. Viongozi wa matawi ya Chama waulize kabla ya kila mavuno: turubai zimefika?