Fumbo la Kiswahili kwenye skrini nyeusi

Gazeti la kinyozi hapa mtaani Hamza, Eastlands, halina mwenyewe, ila fumbo lake la maneno hupata mwenyewe kabla ya saa tatu asubuhi. Wa kwanza kukaa kwenye benchi na kalamu hujaza visanduku vyote, vingine kwa kubahatisha tu, na anayemfuata anaambulia siasa na matangazo ya vifo. Nimesikia watu wakigombana juu ya nani amechafua fumbo kuliko wanavyogombania mpira.

Ndiyo maana nawaomba wahariri wetu: fumbo la Kiswahili litoeni pia kama faili ya kompyuta, ile ndogo kabisa, isiyodai bando kila unapocheza.

Mimi naendesha saiba. Vijana huniita mathe. Riziki yetu ni ritani za KRA, fomu za eCitizen na kuchapa CV. Kwenye kona nina kompyuta kuukuu ambayo ukiifungulia tovuti mbili inakwama. Niliiwekea Linux, kisha programu ya bure iitwayo cursewords, aliyoiandika Parker Higgins kwa lugha ya Python. Unafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, unaandika jina la programu na jina la faili, na mraba unajichora papo hapo kwa mistari, pamoja na vidokezo vyake. Kipanya cha nini? Mishale ya kibodi inakutosha. Na hakuna tangazo la kamari linalokurukia usoni, jambo ambalo kwa mzazi wa Eastlands si dogo.

Faili zenyewe huishia na .puz. Fumbo la visanduku 15 kwa 15, yaani 225, huandikwa humo mara mbili: kwanza majibu, halafu yale aliyojaza mchezaji. Kisanduku cheusi ni nukta, kisichojazwa ni kistari. Ukijumlisha na vidokezo vyote unapata kilobaiti chache tu. Picha moja ya simu ina uzito wa mamia ya mafumbo hayo. Nanakili kwa flashi, kila mtu anachafua lake.

Mzee mmoja wa Makongeni, mstaafu wa reli, alinisuta: "Binti yangu, fumbo ni karatasi na kalamu." Simbishii mzee. Lakini hata hilo la karatasi liliwahi kuwa jambo geni: lilianza tarehe 21 Desemba 1913, Arthur Wynne alipolichapisha katika New York World likiwa na umbo la almasi, wazi katikati. Kinachomtesa mzee ni kingine: mafumbo ya bure ninayopata ni ya Kiingereza, yamejaa wachezaji wa besiboli na waigizaji wa Hollywood. Muulize habari za klabu za Gor na Leopards uone kalamu ikikimbia.

Kulitunga la Kiswahili si mchezo, nakubali. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, kwa hiyo ukingo wa kulia na wa chini hujaa A na I. Katika miraba ya mtindo wa Uingereza, ambapo neno hukatwa na jingine kila baada ya herufi moja, mtunzi asipoangalia makutano yote yataangukia irabu. Mchezaji anabaki na A, A, A: ni salama, karata au mahaba? Atafute njia ya kukutanisha konsonanti. Na vitenzi je? Nitampigia na hatukumpigia vyote vinaingia kwenye mraba, na mtunzi mvivu atavitumia kuziba mapengo. Kwangu ni halali mradi kidokezo kitaje nafsi na wakati bila hila. Sheng iruhusiwe kidogo, tena ionywe kwa alama, maana ya Maringo huenda Dandora wakaicheka.

Watunzi tunao. Walimu wa Kiswahili wamejaa katika shule zetu za Jogoo Road, na wengine huja kwangu kuchapa mitihani waliyoitunga wenyewe, yenye maswali makali kuliko fumbo lolote. Ila msimwombe mtu kama huyo afanye bure, usiku, baada ya kusahihisha insha za darasa zima. Mlipeni kama mnavyomlipa mchora vibonzo, na jina lake liandikwe ndani ya faili, mahali pa jina la mtunzi. Nafasi hiyo ipo tayari.