Ncuti Gatwa: Kutoka Kigali hadi Doctor Who, kwa nini kipaji peke yake hakikutosha

Mei 31, 2025, mashabiki wa tamthilia ya Doctor Who walibaki mdomo wazi. Ncuti Gatwa, aliyekuwa ameibeba kwa misimu miwili tu, aligeuka mbele ya macho yao, na mara ikatokea sura ya Billie Piper. Jamaa ameondoka!

Kwa asiyeijua tamthilia hiyo, inarushwa na BBC tangu mwaka 1963. Mhusika wake mkuu, Doctor, anasafiri katika wakati na sayari mbalimbali, na akikaribia kufa anabadilika mwili. Ndiyo maana waigizaji hupokezana. Gatwa alikuwa Doctor wa 15, na mweusi wa kwanza kuongoza mfululizo huo.

Tangu aondoke, gumzo limekuwa moja: mbona mapema hivyo? Lakini lipo swali zito zaidi. Mtoto aliyefika Scotland akiwa mkimbizi alifikaje pale juu? Na je, mwingine kama yeye anaweza kufika leo?

Alikimbia akiwa hata miaka miwili hajafikisha

Mizero Ncuti Gatwa alizaliwa Kigali, Rwanda, Oktoba 15, 1992. Kwa Kinyarwanda, jina Mizero linabeba maana ya matumaini, na Ncuti ni rafiki. Mwaka 1994, yalipoanza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, familia yake ilikimbia nchi na hatimaye ikatulia Scotland. Alikulia Edinburgh na baadaye Dunfermline.

Baada ya sekondari alisomea uigizaji Glasgow, katika chuo kinachoitwa Royal Conservatoire of Scotland. Ni chuo kilekile walikopita James McAvoy na David Tennant. Alihitimu mwaka 2013.

Hapa ndipo penye la kuzingatia. Scotland ina utaratibu wa serikali kuwalipia wakazi wake ada ya digrii ya kwanza. Uigizaji nao umo. Kwa mtoto wa familia isiyo na uwezo, huo ni mlango mkubwa, maana pale kinachoshindanishwa ni uwezo wa kuigiza na si mfuko wa mzazi.

Dundee, jukwaa lililomlea

Mlango wa pili ulikuwa Dundee Rep, ukumbi wa maigizo katika mji wa Dundee. Ukumbi huo unajulikana kwa kuwa na kundi lake la kudumu la waigizaji, jambo adimu Uingereza. Kijana anayeingia pale anapata mshahara, anacheza mchezo huu mwezi huu na mwingine mwezi ujao, na anajifunza kwa wakongwe.

Brian Cox, yule mzee mkali wa Succession, alianza kazi Dundee Rep akiwa kijana wa miaka 14. Zaidi ya nusu karne baadaye, Gatwa naye akaanzia hapohapo. Hiyo si bahati. Ni matunda ya kumbi za mikoani kupewa fedha za umma ili zilee watu.

London ilimkaribisha kwa njaa

Kisha akaenda London. Mwaka 2016 alicheza kama Demetrius katika mchezo wa Shakespeare, A Midsummer Night's Dream, kwenye jukwaa la Globe. Ukimwona pale ungedhani mambo yamemnyookea.

Kumbe wapi! Gatwa mwenyewe amesimulia hadharani kwamba kabla ya kupata nafasi kwenye Sex Education ya Netflix, alikaa miezi kadhaa bila makazi. Pesa ya kodi iliisha, akawa analala kwa marafiki, leo kwa huyu, kesho kwa yule.

Sex Education ilipotoka Januari 2019, akiwa Eric, maisha yalibadilika. Mwaka 2020 alipata tuzo ya BAFTA Scotland ya mwigizaji bora wa televisheni. Zikafuata Barbie mwaka 2023 na Masters of the Air mwaka 2024.

Lakini kati ya cheti cha 2013 na Netflix ya 2019 kuna karibu miaka sita. Katika kipindi hicho, mtoto wa tajiri anaweza kusubiri kwa kuwa nyumbani wanamlipia kodi. Mtoto wa mkimbizi hana wa kumlipia. Ada ya chuo ililipika, kazi ya kwanza ikapatikana, ila kilichomvusha London ni sofa za marafiki. Ni wangapi wenye kipaji kama chake walikosa sofa hiyo, wakaacha? Hao hakuna anayewajua majina.

Hajapotea, yuko jukwaani

Wanaodhani ameishiwa baada ya Doctor Who wamekosea. Hata kabla hajaaga, mwishoni mwa 2024 alirudi jukwaani katika National Theatre, London, kwenye The Importance of Being Earnest ya Oscar Wilde. Mwaka 2025 akaingia West End na Born With Teeth, akicheza kama Christopher Marlowe, mwandishi wa zama za Shakespeare.

Tamthilia aliyoiacha ndiyo iliyoyumba. Oktoba 2025 BBC ilitangaza kwamba ushirikiano wake na Disney katika Doctor Who umefikia mwisho.

Jukwaa lililomfunza kazi limempokea tena, safari hii jina lake likiuza tiketi. Nyuma yake kuna vijana wanaotoka chuo hichohicho cha Glasgow na kupanda treni kwenda London. Chuo kiliwafungulia. Kodi ya chumba huko London, nani atawasaidia?