Meza ya Karani Mbele ya Mtoto wa Mkulima

"Watoto wa siku hizi wamezaliwa na kompyuta mkononi." Hapa Moi's Bridge, Kenya, wazazi husema hivyo, walimu husema hivyo. Si kweli, na imani hiyo inawaumiza watoto wetu.

Juzi, kwenye saiba moja, nilikaa kando ya binti aliyemaliza kidato cha nne. Simu anaiendesha hata gizani. Mbele ya kompyuta aligusa kioo kwa kidole, akangoja. Kimya. Akaonyeshwa kipanya, akabofya folda mara moja, nayo ikabadilika rangi tu. Alipomaliza kuchapa barua yake ya kuomba kazi, akaambiwa abofye picha ya disketi ili aihifadhi. Disketi hajaiona maishani mwake. Akafunga ukurasa, na barua ya nusu saa ikapotea. Kijana wa saiba akamcheka.

Kosa si la binti. Skrini ile ya kompyuta ilichorwa kama meza ya kazi, na ilichorewa makarani. Kompyuta ya Xerox Star, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1981, iliiga ofisi nzima: folda, kabati la faili, vikapu vya barua. Macintosh ikafuata 1984, kisha Windows. Karani aliyezoea kupanga mafaili aliingia humo kama nyumbani kwake. Lakini binti huyu kwao hakuna kabati. Hatimiliki ya shamba na risiti za mahindi zimo kwenye mfuko wa plastiki, chini ya godoro.

Mama yake, ambaye tunamwita mshamba wa teknolojia, anatuma pesa kwa M-Pesa, huduma iliyoanza 2007, na hakuna aliyemsomesha. Menyu humuuliza jambo moja moja, hata kwa Kiswahili: nambari ya simu, kiasi, nambari ya siri. Basi wepesi wa chombo hautokani na umri wa mtu.

Kuanzia 2016 serikali iligawa vishikwambi katika shule za msingi. Huko nako ni kidole na kioo. Mtoto akikutana na kipanya baadaye, nani atamfundisha, ikiwa sote tumekwisha amini kwamba anajua?

Maneno ya kufundishia tunayo. OpenOffice, programu ya kuchapia barua na kazi za ofisi, ilipata toleo la Kiswahili mwaka 2004. Mwalimu, nawe mwenye saiba, mpe mgeni wa kompyuta dakika kumi kabla hajachapa neno. Mwambie folda ni ule mfuko wa chini ya godoro, kisha mwonyeshe barua yake imelala wapi.